Kisa cha printa ya saiba Kondele: ping inajibu lakini karatasi haitoki

"Fundi, tangu tuweke hii Linux yenu printa imekataa." Malalamiko yote yalikuwa hayo, na kwa simu huwezi jua kama imekataa kuonekana, imekataa kutoa karatasi, ama inatoa vibaya, kwa hivyo mimi huuliza kitu kimoja tu kabla sijafunga begi: ni nini kingine kilibadilika siku hizo hizo? Mama mwenye saiba akasema hakuna kitu, ni Linux tu. Halafu nikasikia kijana wa kaunta kwa nyuma akisema "na tulitoa ile waya pia, Mathe". Basi.

Saiba iko Kondele hapa Kisumu na ni ya kawaida kabisa, eCitizen, iTax, HELB, picha za paspoti, fotokopi, laminesheni, na siku hizi kazi nyingi inaingia kwa WhatsApp, mtu anakutumia PDF akiwa bado kwa matatu na akishuka anataka karatasi zake ziwe tayari kwa kaunta. Kuna desktopu tatu za mtumba. Zote hazikuwa na uwezo wa kuingia Windows 11, na Windows 10 nayo Microsoft iliacha kuitunza tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo fundi aliyekuwa hapo kabla yangu akawaambia wahamie Linux Mint 22, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na huo ulikuwa ushauri mzuri tu, mashine zilikuwa zinaamka haraka kuliko zamani. Lakini wakati huo huo Mama akaamua printa itoke kwa kebo ya USB ikae kwa waifai ndio awe anaprinti moja kwa moja kutoka kwa simu yake bila kumsumbua kijana. Printa yenyewe ni ile ya tangi za wino, si ya zamani, na brandi siitaji maana haikuwa na kosa lolote.

Vitu viwili vikibadilika pamoja lawama humwendea mgeni. Hapa mgeni alikuwa Linux, na kila mtu aliyepita hapo alishughulika na Linux, hakuna aliyeangalia njia mpya ambayo karatasi ilikuwa inapitia.

Nilipofika nikakaa tu kwanza nikaangalia kila mashine inafanya nini, manake "imekataa" ilikuwa inamaanisha vitu tofauti kulingana na kiti unachokaa. Mashine ya kaunta haikuwa inaona printa kabisa, ukienda kwa setingi za printa unapata orodha tupu, ukibonyeza kuongeza inatafuta inatafuta haipati. Mashine mbili za nyuma za wateja zilikuwa zinaiona vizuri, unatuma kazi, inaingia kwa foleni, halafu inakaa hapo ikisema printa inatumika. Wateja walikuwa wanangoja wakidhani kuna mtu mwingine anaprinti. Simu ya Mama nayo ilikuwa inaprinti kila mara bila shida yoyote, na hiyo ndiyo ilikuwa inawamaliza kabisa, ati simu ya elfu kumi na mbili inaweza na kompyuta haiwezi.

Halafu kulikuwa na hii ingine ambayo Mama aliniambia kwa sauti ya chini, ati kuna asubuhi wanafungua duka, wanawasha vitu, na printa inaanza kutoa karatasi yenyewe kabla hata mtu hajakaa. Karatasi za jana. Za watu ambao walishaenda Luanda na Ahero huko. Alikuwa ameanza kushuku kuna mtu ana ufunguo wa pili. Kwangu mimi hiyo ilikuwa habari muhimu kuliko zile zingine zote, juu ilikuwa inaniambia printa ni mzima, draiva (ile programu inayofundisha kompyuta kuongea na printa) ni nzima, foleni ni nzima, na kinachokosekana kinarudi chenyewe wakati fulani halafu kinapotea tena. Shida ya draiva haifanyi hivyo. Draiva mbaya ni mbaya asubuhi na jioni.

Sasa tuongee kuhusu draiva kidogo kwa sababu hapo ndipo muda mwingi ulikuwa umepotea. Kwa mashine za nyuma nilikuta mtu ameshusha paketi za .deb (faili za kuweka programu kwa Linux kama Mint) kutoka kwa mtandao wa kampuni ya printa, akaweka, haikusaidia, akaweka ya modeli inayofanana, haikusaidia, akaongeza printa upya, na kila mara akiongeza alikuwa anaacha ile ya kwanza, kwa hivyo orodha ilikuwa na printa tatu zenye majina karibu sawa na mteja anachagua yoyote. Watu wametoka Windows na hiyo ndio desturi, printa ikikataa unatafuta draiva. Lakini kwa Linux ya sasa, printa nyingi za waifai zilizotengenezwa kwa miaka kama kumi iliyopita hazitaki draiva ya kampuni hata kidogo. Zinaongea IPP, ile lugha ya kuprinti kupitia mtandao inayotumia poti 631 (poti ni kama mlango wenye nambari kwa kifaa), na nyingi zinajua AirPrint ambayo Apple waliileta 2010 kwa ajili ya simu zao, na ndugu yake IPP Everywhere. CUPS, ile programu inayoshughulikia printa kwa Linux (iliandikwa na Michael Sweet, ikatoka 1999, na hata Mac hutumia hiyo hiyo), inauliza printa moja kwa moja: wewe unajua saizi gani za karatasi, una rangi, unaprinti pande mbili? Printa inajibu na CUPS inajitengenezea kila kitu kutokana na yale majibu. Kama unataka kujua yako iko hivyo, fungua taminali uandike

driverless

na kama printa inajua hiyo lugha na mnaonana kwa mtandao, utaona mstari unaoanza na ipp://. Kwa mashine za nyuma mstari ulitokea hapo hapo. Kumaanisha zile .deb zote zilikuwa kazi bure. Kwa mashine ya kaunta haikutokea kitu.

Nikaanza na ya kaunta kwa sababu ya orodha tupu. Kwanza nikahakikisha fayawoli, ule ukuta wa kuzuia mawasiliano ya mtandao, haijawashwa, sudo ufw status, ikasema haifanyi kazi, sawa, tukapita. Halafu nikaprinti ule ukurasa wa hali ya mtandao kutoka kwa printa yenyewe, printa nyingi zisizo na skrini huwa na kitufe cha kufinya na kushikilia ndio ukurasa utoke, na huo ukurasa mimi huuona ni wa maana kuliko kitu chochote kwa kompyuta maana ni printa yenyewe inakuambia iko wapi. Ukasema adresi yake, yaani nambari yake kwa mtandao, ni 192.168.0.105. Nikarudi kwa mashine ya kaunta nikaandika ip a, ikasema 192.168.1.23.

Angalia ile nambari ya tatu. Moja ni 0 na ingine ni 1, yaani hiyo ni mitandao miwili tofauti.

Nikamuuliza Mama, rauta ziko ngapi hapa? Akasema moja. Kijana akasema mbili. Rauta ya kwanza ni ile ya faiba iliyoletwa na watu wa intaneti, imetundikwa mbele karibu na mlango, na mashine ya kaunta ilikuwa imechomekwa kwake kwa kebo. Ya pili Mama alijinunulia mwenyewe mjini kwa sababu waifai haikuwa inafika chumba cha nyuma, wakavuta kebo kutoka ya kwanza wakaichomeka kwa ile shimo ya WAN (ya kuingizia intaneti) ya rauta ya pili, wakaweka jina na paswadi, intaneti ikaja, kila mtu akafurahi. Na intaneti ilikuwa inakuja kweli. Lakini ukiunganisha hivyo, rauta ya pili inatengeneza mtandao wake mwenyewe ndani ya ule wa kwanza, na aliye ndani anaweza kutoka nje lakini aliye nje hawezi kuingia ndani. Printa, simu ya Mama na zile mashine mbili zilikuwa ndani. Kaunta ilikuwa nje. Na ile njia ambayo kompyuta hutumia kutafuta printa, ile mDNS, kwa Linux inashughulikiwa na Avahi, ni kupiga kelele kwa adresi 224.0.0.251 poti 5353 ikiuliza nani hapa ni printa, na hiyo kelele imetengenezwa makusudi isivuke rauta. Kwa hivyo kaunta ilikuwa inauliza na hakuna wa kujibu, na hata ungeijazia draiva za dunia nzima isingeona kitu.

Mama hakuamini. Akaniambia, "Lakini Windows ilikuwa inaprinti hapo hapo kwa kaunta." Ndiyo, kwa USB. Waya ya USB haijali mtandao. Badala ya kubishana nikatoa laptopu yangu ingine iliyo na Windows, nikaichomeka kwa kebo ile ile ya kaunta, nikamwambia tafuta printa. Akatafuta yeye mwenyewe. Haikuonekana. Hiyo mimi naona ndiyo njia ya haraka ya kumaliza hadithi ya "Linux ndio mbaya", weka mfumo mwingine mahali pale pale kwa waya ile ile, ukishindwa pia basi mjue mfumo si shida, na kama ungefaulu basi mimi ningejua nirudi kwa Linux nichimbe.

Mashine za nyuma sasa. Hizi zilikuwa mtandao mmoja na printa, zinaiona, na bado hazikuwa zinaprinti, na hapa ndio palikuwa patamu.

Nikaandika lpstat -v, ambayo inakuonyesha kila printa kwa foleni inaelekezwa wapi. Zile printa tatu, moja ilikuwa ile ambayo mfumo ulijitengenezea wenyewe, na mbili zilikuwa zimewekwa kwa mkono, zote mbili zikielekea socket://192.168.0.102:9100. Na iliyowekwa kuwa ya kawaida, ile inayochaguliwa usipochagua, ilikuwa mojawapo ya hizo mbili. Kumbuka ukurasa wa printa ulisema 105. Kijana akaniambia, "Lakini brathe, huyo fundi alipiga ping na ikajibu, tuliona." Nikapiga ping 192.168.0.102 na kweli ikajibu, tena haraka.

Hapo mtu mwingi angeamini. Ping inakuambia tu kuna kitu kinaishi kwa hiyo adresi, haikuambii ni nini. Nikajaribu poti:

nc -zv 192.168.0.102 9100

ikakataliwa. Nikajaribu 631, ikakataliwa. Printa ya waifai ambayo inajibu ping na haina mlango wowote wa kuprinti ni printa gani hiyo? Nikaandika ip neigh ili nione MAC, ile nambari ya utambulisho ya kifaa chenyewe, ya huyo 102, halafu nikaweka ule ukurasa wa printa kando yake. Hazikufanana hata kidogo. Na MAC ya 102 herufi yake ya pili ilikuwa e, na ukiona ya pili ni 2, 6, a ama e, hiyo si nambari iliyotoka kiwandani, ni ya kubuniwa, na vifaa vinavyojibunia MAC mara nyingi ni simu, Android kuanzia 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hufanya hivyo zenyewe ndio usifuatwe kwa kila waifai unayopita. Nikaambia waliokuwa wamekaa hapo, jamani wenye mko kwa waifai zimeni kidogo. Kulikuwa na kijana mmoja anajaza fomu ya HELB, akazima, na ping ikafa.

Kwa hivyo saiba nzima ilikuwa inatuma karatasi kwa simu ya mteja. Leo ya huyu, kesho ya mwingine. Simu ilikuwa inakataa, na CUPS ikikataliwa hivyo kwa njia ya socket inachukulia printa iko bize na mtu mwingine, ndiyo maana skrini ilikuwa inasema printa inatumika, na inaendelea kujaribu bila kuchoka. Ni kama kupeleka mzigo kwa nyumba nambari fulani kwa ploti na mpangaji alishahama, aliyeingia anakwambia si yangu na wewe unarudi kila baada ya dakika chache.

Ilifikaje hapo? Stima. Siku ambayo yule fundi aliweka printa, ilikuwa 102, akaandika 102, ikafanya kazi, akalipwa, akaenda, na mimi simlaumu sana kwa sababu siku hiyo kila kitu kilikuwa sawa. Halafu stima ikapotea. Rauta nyingi za bei ya chini hazikumbuki zilimpa nani nambari gani zikizimika, zinaanza upya. Stima ikirudi katikati ya mchana rauta inaamka, simu za wateja ambazo zilikuwa na chaji muda wote zinarukia waifai mara moja na kuchukua nambari, na printa inaamka ya mwisho, tena zingine zinangoja mtu abonyeze kitufe. Inapata kilichobaki. Lakini asubuhi duka likifunguliwa hakuna mteja, wanawasha vitu kwa mpangilio ule ule wa kila siku, na printa ilikuwa inaangukia 102 tena. Hapo zile kazi za jana ambazo zilikuwa bado zinajaribu zinapata mlango uko wazi na zinatoka zote kwa mkupuo. Huyo ndiye mwenye ufunguo wa pili.

Na simu ya Mama ilikuwa inaweza kwa sababu simu haikariri nambari, kila ukitaka kuprinti inauliza upya nani hapa ni printa, printa inajibu mimi niko 105, mambo yanaisha. Ile printa ambayo Mint ilijitengenezea yenyewe nayo ilikuwa inafanya kazi vizuri tu, nilijaribu, ila hakuna aliyekuwa anaichagua kwa sababu jina lake lilikuwa refu na la ajabu na wafanyakazi walikuwa wameambiwa wachague ile nyingine.

Kurekebisha sasa, na hapa mpangilio una maana. Kitu cha kwanza kabla ya kugusa rauta ni kufuta foleni:

cancel -a

kwa kila mashine. Ukisahau hiyo, dakika utakayofungua njia, karatasi za watu wote wa siku zilizopita zitatoka, wino na karatasi vinaenda bure, na mbaya zaidi ni kopi za vitambulisho na PIN za KRA za watu ambao hawako hapo. Hili la faragha mimi huwa nalitilia maanani sana kwa saiba, zile kazi zinazongoja zinakaa ndani ya /var/spool/cups na kama foleni imekwama basi nazo zinakaa tu hapo.

Pili, kuondoa mtandao ndani ya mtandao. Rauta zingine zina kitufe kabisa kwa setingi, modi ya akses pointi, ambapo rauta inapitisha waifai tu bila kutengeneza mtandao wake, unabonyeza imeisha. Ya Mama haikuwa nayo, kwa hivyo ni kwa mkono: unaingia kwa rauta ya pili, unabadilisha adresi yake ya ndani iwe 192.168.1.2 (kwanza nikaangalia rauta ya mbele inagawa nambari kuanzia 10, ndio isigongane), inajiwasha upya, unaingia tena kwa adresi mpya, unazima DHCP, ile kazi ya kugawa nambari, halafu ndio unatoa kebo kwa shimo ya WAN na kuichomeka kwa moja ya zile LAN, shimo za kompyuta. Ukizima DHCP kabla ya kubadilisha adresi unaweza kujifungia nje na utaishia kuiriseti. Jina la waifai na paswadi usiguse, ukiyaacha vile yalivyo printa inajirudia yenyewe bila kuanza ile safari ya kushikilia vifungo na taa zinazowaka kwa zamu. Printa nyingi za aina hii pia zinashika ile waifai ya 2.4 GHz peke yake, ile ya 5 haiioni, kwa hivyo kama rauta yako imeunganisha zote mbili kwa jina moja na printa inasumbua kuingia, zitenganishe. Hapa haikuhitajika.

Baada ya hapo kila kitu kikawa 192.168.1.kitu, na kaunta ikaona printa papo hapo, bila draiva, bila chochote, kijana akacheka tu.

Tatu, kuipa printa nambari isiyohama. Hii nilifanya kwa rauta ya mbele, si kwa printa, unachukua MAC iliyo kwa ule ukurasa wa printa unaiambia rauta huyu kila akija mpe 192.168.1.50. Kuna watu huandika nambari kwa printa yenyewe na inafanya kazi pia, lakini siku rauta ikibadilishwa na ile mpya iwe inatumia nambari zingine, printa itabaki inaongea na hewa na hakuna atakayekumbuka kwa nini. Nikazima printa nikawasha, ikaja na 50. Nikazima rauta zote mbili kwa swichi ya ukutani tukasubiri, nikawasha, simu zikarukia, printa ikaja na 50 tena. Hilo jaribio usiliruke, manake ugonjwa wenyewe uliletwa na stima, sasa utasema umepona bila kuzima stima?

Nne, foleni. Nikatoa zile mbili za zamani kwa lpadmin -x na jina, nikaondoa na zile paketi za .deb, nikaweka moja safi kwa kila mashine:

sudo lpadmin -p saiba -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere

Hilo neno everywhere ndilo linaiambia CUPS iulize printa yenyewe uwezo wake. Halafu sudo lpadmin -d saiba ili iwe ya kawaida. Sikutumia socket na poti 9100 tena, si kwamba ni mbaya, lakini kwa socket unasukuma data na huambiwi mengi, na kwa IPP printa inaweza kukujibu karatasi imeisha, mlango uko wazi, na mfanyakazi anaiona kwa skrini.

Ile printa inayojitengeneza yenyewe ukiifuta inarudi, kwa sababu cups-browsed, programu ndogo inayotafuta printa kwa mtandao, ndiyo inaileta. Niliizima kabisa, sudo systemctl disable --now cups-browsed. Sababu ya kwanza ni kuondoa mkanganyiko wa majina, ingawa kwa programu zingine bado inaweza kuonekana mara mbili juu CUPS yenyewe pia inajua kutafuta. Sababu ya pili ni kwamba Septemba 2024 kulipatikana shimo la usalama kwa hiyo cups-browsed, CVE-2024-47176, ilikuwa inasikiliza poti 631 ya UDP na kuamini ujumbe kutoka kwa yeyote. Maapdeti yalishatoka na mashine zilikuwa zimeapdetiwa, lakini mahali ambapo watu usiowajua wanakaa kwa waifai moja na wewe, na hiyo programu huihitaji, ya nini?

Na hapo ndio nikamwambia Mama kitu ambacho hakukipenda. Wateja wako wote wana paswadi ya waifai hii hii, kwa hivyo mtu yeyote akikaa hapo na simu anaweza kuprinti kurasa mia za rangi akiondoka. Akanyamaza kidogo akasema kuna siku walipata picha za harusi kwa trei na hakuna aliyezidai. Tukawasha waifai ya wageni kwa rauta ya mbele, tukabadilisha paswadi ya ile kubwa, printa na mashine zikapewa mpya, wateja wakapewa ya wageni. Muwe makini na hii, waifai ya wageni huwa inawatenga walio ndani yake wasionane na wengine, hiyo ndiyo kazi yake, kwa hivyo ukiweka printa huko kwa bahati mbaya utatafuta shida siku nzima. Huko nyuma ya wageni haishiki vizuri. Mama akasema hiyo si shida yake.

Tulidhani tumemaliza, halafu fomu ya kwanza ya mteja ikatoka mstari wa chini umekatwa. Hii haikuwa na uhusiano wowote na mengine. Wakati wa kuweka Mint mtu alichagua Kiingereza cha Marekani na setingi za eneo zikabaki za huko, na Marekani hutumia karatasi ya Letter, milimita 216 kwa 279, sisi hapa ni A4, 210 kwa 297, yaani yetu ni ndefu zaidi na mfumo ulikuwa unaprinti kana kwamba chini hakupo.

sudo lpadmin -p saiba -o PageSize=A4

na kwa LibreOffice nikabadilisha ukurasa wa kawaida uwe A4 pia, halafu nikaangalia setingi ya printa yenyewe, ambayo nayo ilikuwa imetoka dukani ikiwa Letter. Sehemu tatu, na ukiacha moja inakurudia.

Kitu pekee walichobaki wakilalamika ni kwamba ukurasa wa kwanza baada ya kukaa bila kazi unachukua muda kutoka. Hiyo ni printa inaamka usingizini, na unaweza kuongeza muda kabla ya kulala kwa setingi zake, mimi niliuweka mrefu zaidi ya ulivyokuwa lakini sikuuondoa, tokeni za stima ni pesa. Skana nayo Mama aliniuliza nikiwa nafunga begi kama itahitaji siku nyingine na malipo mengine. Nikafungua ile programu ya kuskani iliyokuja na Mint, skana ilikuwa tayari kwa orodha, kwa sababu sane-airscan inaitafuta kwa njia ile ile ya mDNS na sasa wote wako mtandao mmoja. Akaskani kitambulisho chake mwenyewe kujaribu, halafu akaanza kunipunguzia bei.